Mshika Shuka

Siku hizi, katika chumba cha kufulia nyuma ya hospitali, shuka hukamuliwa kimya. Wanawake husimama wawili wawili, kila mmoja na ncha yake, wakasokota mpaka maji yaishe. Kisha hutazamana, mmoja anatikisa kichwa, mwenzake anaachia. Zamani palikuwa na neno. Lilikuwa "Achia!", nalo lilipigwa kwa sauti kutwa nzima, kutoka pipa hadi pipa, hata wagonjwa wa wodi ya juu wakalizoea kama watu wanavyozoea jogoo wa jirani. Hakuna aliyelipiga marufuku. Lakini mgeni kazini akilitamka, wakongwe huinamisha nyuso zao kwenye povu, na mgeni hujifunza kutikisa kichwa kabla hajaambiwa sababu.

Neno hilo liliondoka na mwanamke mmoja ambaye kila mtu alimwita Legelege.

Jina alipewa na mama yake. Alizaliwa kabla ya wakati, kichwa kinaenea kwenye kiganja, na mkunga alipomweka kifuani kwa mama yake alisema, "Hafifu, lakini anapumua." Mama alilishika lile neno la kwanza, la pili akalisahau. Yeye mwenyewe alikuwa pande la mwanamke, mikono kama mipini ya shoka, sauti ya kuamrisha. Chumba kizima cha kufulia kilimwita Mama Chuma. Udhaifu ulimkera kama uvundo. Na kwa kuwa ulikuwa umelala nyumbani kwake, kitandani mwake, alihakikisha hakuna aina yake inayokosa jina. Binti akichelewa kuamka alikuwa goigoi. Akilia, teketeke. Akinyamaza, mnyonge. Akiugua alikuwa dhaifu, akipona alikuwa dhaifu vilevile, ila ametulia kidogo. Kwa siku za kawaida, zisizo na tukio lolote, lilibaki hilo moja: Legelege.

Kulikuwa na kaka, mkubwa wake, mtoto aliyezaliwa mnene akakua kwa wakati. Mama alimwita huyo "baba". Alisomeshwa mpaka akaajiriwa ofisi ya bima, akavaa tai, akahamia upande wa mji wenye nyumba za geti. Legelege alipomaliza darasa la mwisho la shule ya msingi, mama yake alimshika mkono akampeleka kazini kwake.

"Mnajua kushika na kusokota ninyi," aliwaambia wenzake, "lakini huyu nitamfundisha kushika tu. Jingine hawezi."

Mashine ya kukamulia ilikuwa imeharibika miaka mingi, imegeuzwa meza ya kuwekea vikombe vya chai. Shuka zilitoka kwenye maji nzito kama mtu aliyezimia, na kuzikamua ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja, msokotaji, huizungusha shuka. Wa pili, mshikaji, husimama ameikaza ncha yake tu. Shuka hujipinda ikawa kamba, kamba ikawa fimbo, maji yakachuruzika. Inapofika mwisho wa kusokoteka, msokotaji huivuta kwa mkupuo mmoja ili kuitupia kikapuni, na palepale hupaza sauti: "Achia!" Mshikaji akiachia mapema, shuka hufunguka kama mjeledi na kumcharaza mwenzake usoni. Akichelewa, bega la mmoja wao huteguka. Kwa hiyo mshikaji mzuri hafikiri. Mkono wake husikia kabla ya sikio.

Ushikaji haukuhesabiwa kuwa kazi. "Hata kigingi siku hizi kinalipwa," wanawake walisema. Walisema hivyo wakimtazama yule msichana mwembamba, ameegemea nyuma, visigino vimechimba kwenye simenti yenye utelezi, anamkabili Mama Chuma aliyesokota kwa nguvu za kuweza kung'oa bomba ukutani. Hakuna aliyejiuliza nguvu zile zote zilikuwa zinaishia wapi.

Mama alimfundisha kama mbwa. Nyumbani, binti akiwa anaosha sufuria, ghafla: "Achia!" Sufuria isipodondoka, kofi. Ikidondoka ikapata kibonyeo, kofi pia, lakini jepesi. Baada ya mwaka mmoja viganja vya Legelege vilifunguka vyenyewe, kama mlango wa duka usiohitaji kusukumwa. Katika chumba cha kufulia wenzake waliligundua hilo wakaligeuza mchezo wa saa ya chai. Walimsubiri ainue kikombe mpaka kifike mdomoni.

"Achia!"

Kikombe chini, chai gaunini.

"Jamani, mmemuua mwenzenu!" walicheka, wakishikana mabega. "Mama Chuma, mwanao hana skrubu!"

"Ningempeleka kwa fundi," mama alisema, naye ndiye aliyecheka kuliko wote, "lakini fundi gani anatengeneza maji?"

Legelege aliokota vipande. Baadaye alikuja na kikombe cha plastiki.

Dereva mmoja wa gari la wagonjwa alimpenda. Alikuwa mtu wa polepole, mwenye kuegesha gari karibu na kamba za kuanikia nguo bila sababu. Alipokwenda nyumbani kujitambulisha, Mama Chuma alimkaribisha kiti, akampa maji, akamtazama kwa huruma. "Mwanangu," alimwambia, "unatafuta mke au unatafuta godoro? Maana huyu atalala popote utakapomwangusha." Dereva alicheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka kwa mkwe. Kicheko kile kilimwaibisha mwenyewe. Hakurudi, na gari akaanza kuliegesha upande wa mbele.

Miaka ikaenda hivyo, mmoja anasokota na mwingine anashika, mpaka asubuhi ile.

Walikuwa katikati ya shuka. Mama Chuma alikuwa ameifikisha pale inapokaribia kuwa fimbo, mara mdomo wake ukaenda upande. Mkono wa kulia ukalegea kwanza, kisha goti, kisha mwanamke mzima akashuka kwenye maji ya sabuni kama ukuta uliolowa. Shuka ilifunguka na kumpiga binti kifuani. Wenzake walipiga kelele, wakaacha ncha zao, wakakimbia. Mmoja tu hakukimbia. Legelege alikuwa bado amesimama, visigino vimechimba, ncha ya shuka mkononi, macho yamemtoka. Neno lilikuwa halijasemwa.

"Wee! Mama yako anakufa!"

Aliendelea kushika. Ilibidi mtu amfungue vidole.

Kilikuwa kiharusi. Kilichukua upande wa kulia wote lakini ulimi kiliuacha, na ulimi ulipopata nafasi haukusimulia kitu kingine. "Nimeanguka mimi, naye kasimama kashika shuka," Mama Chuma alimwambia kila mgeni aliyekuja kumjulia hali, na mgeni aligeuka kumtazama binti aliyekuwa anaingiza chai. "Kashika shuka! Kigingi kingenionea huruma."

Sasa kazi ilibadilika mahali lakini haikubadilika jina. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili ghorofa ya juu, ngazi nyembamba yenye kona, ukuta umepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa bega. Legelege aliamka mapema, akamgeuza mama, akamsafisha, akamlisha, akaenda kazini kumshikia shuka mwanamke mwingine, akarudi adhuhuri kumgeuza tena, akarudi kazini. Alibuni njia yake ya kumwinua: alitandika shuka chini ya mwili, akazisokota ncha zake mpaka zikapata pa kushika, kisha akavuta. Pande lile la mwanamke lilipanda, likakaa, likaegemezwa mito. Kila siku, miaka inaingia miaka inatoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema. Majirani waliokuwa wanamwona kupitia mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya hewa walisema mama yule kumbe mwepesi.

"Taratibu, goigoi wewe," mama alisema akiwa hewani.

"Ndiyo, mama."

"Utanidondosha."

"Sikudondoshi, mama."

Hakumdondosha hata siku moja. Na neno alilolingoja, akilaza, akiinua, akikamua kitambaa cha kumfutia, lilikuwa dogo sana. Alitaka mama aseme, mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya muuza maziwa: "Huyu ananiweza." Hakutaka shukrani. Alitaka hilo tu, lisemwe, kama kitu kinavyosemwa kwamba kipo.

Kaka alikuja sikukuu na siku za katikati ya mwezi, akiwa na pakiti ya biskuti. Mama Chuma alimsikia kwa hatua zake tu, kutoka ngazi ya chini kabisa. "Nivalishe kile kitambaa kizuri! Nipake mafuta! Baba yangu anakuja." Macho yaliyokuwa makavu kutwa nzima yalilowa. Biskuti alizila mpaka makombo, hata zilipomdhuru, na alipozitapika alimwambia binti ni chai yake ndiyo mbaya. Mwanamke aliyeucheka udhaifu wa kila mtu alikuwa na wa kwake, amevaa tai, anaangalia saa.

Siku moja kaka alikuja na neno. Alikuwa amezungumza na daktari, na daktari alikuwa ametumia neno moja la Kiingereza ambalo kaka alilipenda kwanza kwa sauti yake. Aliitisha kikao cha ukoo. Ukoo wenyewe ulikuwa yeye, mkewe aliyekaa ukingoni mwa kiti asikunje sketi, Legelege aliyesimama mlangoni, na mama mdogo, mdogo wake Mama Chuma, mjane anayefuma vitambaa asiye na subira na mambo marefu. Mama mwenyewe alikuwa kitandani, amepakwa mafuta.

Kaka alilitamka neno, akalirudia.

"Maana yake?" aliuliza mama mdogo.

"Ni pana, mama mdogo. Ni kukonda. Kuchoka upesi. Mifupa kuwa kama bua. Ndiyo hali ya mama."

"Haya. Uzee huo."

"Siyo uzee tu. Hata mtu mwenye umri mdogo anaweza kuwa nayo." Alimtazama Legelege. "Kutokuwa na uti wa mgongo, mathalani. Kutokuwa na msimamo. Kushindwa na vishawishi. Hata ukipenda kitu kupita kiasi, ni hiyohiyo. Wenzetu wana neno moja kwa yote."

"Neno moja linafanya kazi zote hizo?" Mama mdogo aliweka chini sindano zake. "Basi hilo neno ni beseni. Kila nguo chafu imo, na mwenye nguo hajulikani."

Hata mke wa kaka alicheka. Kaka hakucheka. Alisema alichokuja kusema: mama atahamia kwake, kwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi, kuna chumba. Vyumba hivi viwili vitarudishwa kwa mwenye nyumba. Mdogo wake atatafuta pa kukaa, chumba kimoja kinamtosha, yeye si mtu wa mambo mengi. "Hawezi kuendelea kumhudumia mama. Mtazameni. Yeye mwenyewe ana hali hiyohiyo." Akalitamka neno lake tena.

Palepale kila mtu aliona kitakachopotea. Kwa Legelege ilikuwa chumba, na kitanda kile, na kazi pekee aliyowahi kuifanya bila mwenzake.

"Kaka," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Muulize mama. Nani anamwinua."

Mama mdogo alimgeukia mgonjwa. "Dada, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu binti anakuweza au hakuwezi? Sema, tumalize."

Mama Chuma alimtazama binti yake. Alimtazama kwa muda, kuanzia visigino mpaka mikono. Huenda katika muda ule jibu lilifika mpaka mdomoni. Kisha akamtazama mwanawe, aliyekuwa ameinama mbele kidogo akimsubiri, na uso wake mzima, hata ule upande uliokufa, ukalainika.

"Huyu?" alisema. "Huyu ni legelege. Atanidondosha. Nipeleke kwako, baba."

Legelege alienda kuosha vikombe. Hakuna kilichovunjika.

Siku ya kuhama, kaka alikuja na gari na mkewe akabaki ndani yake. Kiti cha kumbebea mama kiligoma kwenye kona ya ngazi. Walikijaribu kwa miguu mbele, kwa mgongo mbele, kikakwaruza ile rangi ya kijani na kugoma. Kaka akataka kuwaita vijana wa mtaani.

"Tumbebe na shuka," Legelege alisema. "Nitashika kichwani, kaka, ndiko kuzito. Wewe shika miguuni, utangulie."

Alitandika shuka, akasokota ncha, akamwonyesha kaka yake namna ya kuzizungusha kwenye viganja. Mama mdogo alitangulia chini na mito. Wakainua. Kaka, aliyekuwa hajamwinua mama yake tangu augue, alitoa sauti ya mtu aliyekanyaga hewa.

"Mbona mzito hivi?"

"Teremka, kaka. Polepole."

Ngazi ya kwanza, ya pili. Mama alikuwa amelala kwenye shuka kama kwenye bembea, kichwa kifuani kwa binti yake, macho chini kwa mwanawe. Hakuweza kumwona aliyemshika kichwani. Alimwona aliyemshika miguuni tu: tai imeenda begani, jasho linaingia machoni, mishipa ya shingo imesimama, mikono inatetemeka. Walipofika konani kaka aliegemea ukuta.

"Sa... sasa mgongo," alisema. "Mgongo wangu. Mama, subiri."

"Nimekushika, mama," Legelege alisema juu. Alikuwa ameegemea nyuma, visigino vimechimba, uzito wote sasa ukiwa kwake. Mama mdogo, akitazama kutoka chini, alisema baadaye kwamba mikono ya yule binti haikutikisika. Ilikuwa kama imepigiliwa.

Lakini mama hakuiona mikono hiyo. Aliona uchungu wa mwanawe, na uchungu wa mwanawe hakuwahi kuuweza. Moyo ukamwelemea, akamwonea huruma, akataka apumzike, na neno lililokuja lilikuwa lile ambalo mdomo wake ulikuwa umelizoea kuliko yote, kwa sauti ileile ya zamani iliyofika wodi ya juu:

"Achia! Achia, baba, utaumia."

Kaka hakuachia. Hakujua kuachia, hakuna aliyewahi kumfundisha.

Neno la pili na la tatu yalikuwa bado hewani wakati vidole vya Legelege vilipokuwa vimeshafunguka.

Sauti ya kichwa kwenye ukingo wa ngazi haikuwa kubwa. Kaka alivutwa chini akakaa kwa kishindo, miguu ya mama mapajani mwake. Legelege alibaki amesimama juu, viganja wazi mbele yake, akivitazama.

Mama Chuma alilazwa katika hospitali ileile. Shuka zake zilishuka kwenye chumba cha kufulia pamoja na za wengine na zikakamuliwa na wenzake wa zamani, ambao hawakujua zipi ni zake, kwa hiyo zote walizikamua kwa woga. Hakupata fahamu tena. Alikufa bila kusema huyu ananiweza wala huyu kaniua.

Msibani watu walitaka kujua. Walimzunguka kaka, mikono nyuma, wakauliza kwa upole ule wenye njaa wa watu wa msibani. Kaka aliinamisha kichwa na kulitamka neno lake la Kiingereza. Lilimfaa sana. Aliyetaka kusikia kwamba mikono ya dada yake ilikosa nguvu, alisikia hivyo. Aliyetaka kusikia kwamba akili zake hazikukaa sawa, alisikia hivyo. Na wale waliotaka kusikia kwamba moyo wake ulishindwa na kishawishi, kwamba pale konani alikumbuka makofi na vikombe na dereva wa gari la wagonjwa, akaona nafasi, nao pia walisikia, wakaitikia kwa "mmh" ndefu.

"Tuambie kwa lugha yetu," mama mdogo alisema mbele ya wote. "Alishindwa, au alitaka?"

Kaka alilirudia neno.

"Hujajibu."

"Ndiyo jibu lenyewe, mama mdogo."

"Aliambiwa 'achia'. Nilikuwepo, nilisikia."

"Aliambiwa nani? Niliambiwa mimi." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza siku ile, na ilikuwa na kitu kinachofanana na fahari. "Mama alikuwa ananionea huruma mimi."

Mama mdogo alimwendea Legelege, aliyekuwa jikoni kwa mke wa kaka akifua vitambaa vya meza ambavyo hakuna aliyemwomba avifue. Alimwuliza vilevile, kwa sauti ya chini, akimshika bega. Mwanangu, ulishindwa au ulitaka?

Legelege alifikiri. Alikuwa mtu mzima sasa, mvi zinaanza mbele ya masikio, na ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa alichotaka.

"Mama alisema niachie," alijibu.

"Najua alichosema. Wewe je?"

Alikamua kitambaa peke yake, ncha zote mbili mkononi mwake, mpaka kikakauka.

"Kama angeniita mimi kwanza," alisema. "Kama angeanza na jina langu, halafu ndiyo neno. Ningefikiri."

"Jina gani, mwanangu?"

Alikuwa na moja tu.

Vyumba viwili vilirudishwa kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi ule. Kaka alikichukua kitanda. Katika chumba cha kufulia, siku Legelege aliporudi kazini, msokotaji wake aliisokota shuka mpaka mwisho, akafungua mdomo, akaona viganja vya mwenzake, akaufunga. Akatikisa kichwa. Pipa la pili wakaona, wakafanya hivyo. Yeye mwenyewe alimaliza kikapu kile kimoja, akaifuta mikono, akaenda kwa msimamizi kuomba kazi nyingine.

Sasa anapiga pasi, meza ya mwisho karibu na dirisha, zamu ya asubuhi. Anakaa chumba kimoja nyuma ya ghala la magodoro, na chai yake hunywea kikombe cha plastiki.